Hakuna aliyeniuliza kama nalala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme habari ya ugonjwa ambao wengi wetu hatuuiti ugonjwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji, Kigoma. Nina umri wa miaka 61, na huu ni mwaka wa nne nawashwa. Sisemi kuumwa na mbu wala vipele vya joto. Nasema kuwashwa mwili mzima, mchana na usiku, hata wakati ngozi yenyewe haikuwa na kipele hata kimoja cha kumwonyesha daktari.

Kilichonisukuma kuandika ni mama mmoja aliyekuja kibarazani kwangu Ijumaa iliyopita na binti yake wa darasa la tano, kupimwa sare. Nilipomzungushia mtoto futi kamba nikamwona anajikuna katikati ya vidole, kisha kwenye vifundo vya mikono, kisha kiunoni hapo hapo nilipokuwa napima. Mama akampiga kofi la mkono. "Acha hiyo tabia, unaniaibisha." Mtoto akaficha mikono nyuma ya mgongo, akatazama chini. Mama akanieleza kuwa shuleni wenzake hawataki kukaa naye dawati moja, na ameambiwa asirudi mpaka apone.

Niliweka futi kamba chini. Ile mikono iliyofichwa nyuma naijua. Nimeificha yangu vile vile msikitini, sokoni, hata mbele ya wakwe zangu.

Kwangu mimi ilianza mgongoni, mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza. Nilidhani ni vitambaa vipya, maana poplini ikitoka dukani ina unga unga unaoshika mwilini. Nikawa nabadilisha shati mara mbili kwa siku. Wenzangu wa kibarazani wakaniambia, "Fundi, kikulacho ki nguoni mwako." Mtu anayeshinda katikati ya nguo za watu akiambiwa hivyo anaamini. Nikatoa kila kipande cha kitambaa juani, nikapitisha pasi ya mkaa kwenye mishono yote ya nguo zangu, nikamwomba mke wangu afue mashuka kwa sabuni ya mawese, ile kali ya kienyeji, nami nikaogea hiyo hiyo. Ngozi ikakauka, ikapasuka kama tope la mto Luiche wakati wa kiangazi, na kuwashwa kukazidi.

Ipo methali nyingine, mtu hujikuna ajipatapo. Wahenga walikusudia mtu atumie kwa kadiri ya uwezo wake. Mimi nimeijua kwa maana yake ya wazi kabisa. Katikati ya mabega pana mahali ambapo mkono haufiki, wa kulia wala wa kushoto. Nilianza na rula yangu ya mbao ya kukatia. Kisha gunzi la mahindi. Kisha nikawa nasimama kizingitini najisugua kwenye fremu ya mlango, na ngozi inapochubuka unapata raha ya dakika moja, raha kubwa kweli, halafu moto unarudi mkali kuliko ulivyokuwa. Baada ya mwaka ngozi ya mgongo na mapaja ilikuwa imekuwa nene na nyeusi, ina vinundu vigumu, na kila aliyeiona alisema, "Kumbe una ugonjwa wa ngozi." Vile vinundu nilivitengeneza mwenyewe kwa kucha.

Mchana ulikuwa na nafuu. Kuna mlio wa cherehani, kuna wateja, bodaboda zinapita, akili inapata pa kushika. Usiku hubaki na ngozi yako tu. Nalala saa nne, saa sita nimeamka, saa nane niko uani najimwagia maji ya mtungi miguuni na mgongoni. Maji yakikauka, muwasho umerudi. Nikatandika mkeka chini kwa sababu sakafu ya saruji ina ubaridi. Mke wangu alinikata kucha kila Ijumaa mpaka karibu na nyama, akanishonea mifuko ya kitambaa laini nivae mikononi nikilala. Asubuhi mifuko iko pembeni ya chumba, shuka lina damu. Alivumilia miezi sita. Kisha akahamia chumba cha wajukuu. Hakuondoka kwa hasira, alikuwa analia. Aliniambia, "Baba, na mimi ni mtu mzima. Nikianguka kwa kukosa usingizi, nani atakutazama?" Tulikuwa tumelala chumba kimoja miaka 34.

Ushonaji unataka macho na mikono iliyopumzika. Siku moja nilisinzia mguu ukiwa kwenye pedeli, sindano ikapita kwenye kidole cha shahada na kuvunjikia ukuchani. Nilikata kitenge cha mteja kikapungua inchi nne, nikamlipa. Na kazi yetu ni ya kugusa watu, shingo, mabega, kifua, mkono mpaka kwenye kifundo. Nikaanza kuona mteja anarudi nyuma nusu hatua ninapoinua futi kamba. Wengine walileta nguo ya zamani, "Fundi, pimia hii tu." Sikuwalaumu. Walikuwa wamesikia nina upele, na nani atampa mwenye upele nguo yake ya harusi?

Lililoniuma zaidi ni kanzu. Mzee mmoja wa Uvinza aliniletea kitambaa chake mwenyewe, cheupe, kizuri, nimshonee kanzu ya Idi ya mwaka juzi, na darizi ya hariri shingoni. Niliimaliza katika siku tatu za mwisho za Ramadhani, usiku, kwa kuwa silali. Alipoifungua mbele ya watu, ndani ya mkono wa kushoto kulikuwa na matone mawili ya damu, madogo kama mbegu za mtama. Yametoka kwangu. Kanzu ya kuswalia, na damu ni najisi. Hakunitukana. Aliikunja, akaiweka juu ya meza, akatoka bila hata kudai kitambaa chake.

Baada ya hapo, msikitini nikawa natoka kwa mlango wa nyuma kabla dua haijaisha. Baada ya swala ya Ijumaa watu hupeana mikono, nami sikutaka kumlazimisha mtu achague kunipa wake au kuninyima.

Maneno hayakosi. Walisema nina UKIMWI. Nimepima mara mbili, sina. Nasema hivi bila kumnyanyapaa aliye navyo virusi, maana ni kweli kwamba vipele vya kuwasha vinavyotapakaa mwilini vinaweza kuwa dalili, na anayevipata afadhali apime mapema aanze dawa kuliko kukaa nyumbani kuogopa macho ya watu. Wengine walisema fundi mwenzangu amenipakia upupu kwenye kiti cha kazi. Upupu naujua, tulirushiana porini tukiwa watoto. Unawasha kwa saa, hauwashi kwa miaka. Lakini mtu asiyelala miezi kumi akiambiwa lolote analishika. Nilipeleka pesa na jogoo kwa mganga, na nikamnunia yule fundi mwaka mzima bila kosa lake. Nimekwenda kwake nikamwomba radhi, naye akanipa mkono.

Tiba nilitafuta, nisije nikaambiwa nilikaa tu. Niliandikiwa BBE, dawa ya kupaka ya upele, mara tatu, katika vituo tofauti. Mara ya kwanza ilikuwa haki, upele ndio ulio mwingi mitaani kwetu. Tulijipaka nyumba nzima, watu saba, kuanzia shingoni mpaka nyayoni, wajukuu wakalia kwa inavyochoma. Lakini katika watu saba nilikuwa nawashwa peke yangu, na hilo hakuna aliyelishika. Upele haukai mwaka mzima kwa mtu mmoja katika nyumba ambayo watu wanalala wamebanana. Kisha ikawa Piriton, vidonge vya aleji, kila kituo Piriton, hata nikaacha kuhesabu. Nikawa nasinzia mchana juu ya cherehani, na usiku nawashwa kama kawaida. Duka la dawa likaniuzia tyubu ya krimu. Ilinituliza siku nne, nikaipaka miezi mitano. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba na nyeupe, mishipa yote inaonekana, nikijigusa kidogo inachanika. Baadaye nimeelezwa kuwa ile ni krimu ya steroidi, dawa njema kwa anayeihitaji na kwa siku alizopangiwa, lakini ikipakwa ovyo huila ngozi.

Wapo wanaoniambia mpaka leo, "Si kuwashwa tu, Fundi? Kuna watu wana saratani." Wa umri wangu nawakumbusha klorokwini, dawa ya malaria ya zamani. Nchi yetu iliiacha mwaka 2001 kwa sababu malaria ilikuwa imeizoea, ikaja SP, kisha dawa ya mseto. Lakini kabla ya hapo, nani hakumbuki? Unameza, kesho yake viganja, nyayo na kichwa vinawaka, na ukioga ndiyo umeuchokoza. Ilikuwa siku mbili tatu tu. Na bado watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wakiitupa dozi chooni na kubaki na homa. Walijua malaria inaua. Waliona heri hiyo kuliko kuwashwa siku tatu. Sasa zidisha siku tatu mpaka zifike miaka mitatu, kisha uniambie "tu" inatoka wapi.

Mwaka jana mwezi wa tisa nilikwenda kituo cha afya kwa ajili ya kidonda cha mguuni kilichotunga usaha. Nikamkuta tabibu mgeni, msichana wa umri wa binti yangu wa mwisho. Alisafisha kidonda, kisha hakushika kalamu. Akaniuliza, "Baba, shikamoo, samahani sikukusalimia. Umeanza kuwashwa lini?" Nikamwambia. "Nyumbani nani mwingine anawashwa?" Hakuna. "Usiku unalala?"

Mhariri, nililia mbele ya yule mtoto. Nilikuwa nimepita mikononi mwa wahudumu wasiopungua kumi na hakuna aliyeniuliza kama nalala.

Akaendelea. Una presha? Ninayo, nimeambiwa tangu 2014. Dawa unameza? Nikamwambia ukweli kwamba nikijisikia vizuri naacha. Mkojo je? Miguu inavimba? Akapima presha, akakunja uso, akaniandikia niende hospitali nikapimwe damu, akitaja figo, ini, sukari, tezi ya shingoni na wingi wa damu. Akasema muwasho ukipita wiki sita hauitwi tena wa kupita, na mtu akiwashwa mwili mzima bila vipele vilivyoanza vyenyewe, lazima atafutwe ndani. Majibu yalikuja na kreatinini, taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa kwenye damu, iko juu sana. Figo zangu zimebaki na chini ya robo ya nguvu zake. Presha niliyokuwa naidharau ilikuwa inazila kimya kimya, na ngozi ndiyo iliyokuwa inapiga kelele kwa niaba yake miaka yote hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, kumbe kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Alinieleza kwa nini Piriton haikunisaidia, nami naeleza hapa kwa sababu nina hakika wako wengi wanaoimeza bure. Muwasho wa kuumwa na mdudu, au wa aleji, huletwa zaidi na kitu kiitwacho histamini, na Piriton huzuia hicho. Muwasho wa figo hupitia njia nyingine katika mishipa ya fahamu. Piriton kwake hukupa usingizi mzito wa mchana tu. Nilianzishiwa gabapentini, dawa ya mishipa ya fahamu, kwa kipimo kidogo kabisa kwa kuwa figo dhaifu haziitoi haraka mwilini, na kwa sababu hiyo hiyo namsihi msomaji asikimbilie kuinunua mwenyewe. Presha nameza dawa kila siku bila kuruka. Naoga maji ya uvuguvugu kwa sabuni isiyo kali, na kabla ngozi haijakauka najipaka mafuta mazito yasiyo na manukato.

Na nimepunguziwa dagaa. Mtu wa Kigoma atanielewa. Figo zikichoka, fosforasi hurundikana kwenye damu na inaweza kuuchochea muwasho, na dagaa tunawala na mifupa yao, humo ndimo fosforasi ilimo. Siku ya kwanza mke wangu alipoweka sahani yangu peke yake, ugali na mchicha, na wajukuu wana dagaa wa mawese mbele yao, nilitoka nje. Nimezoea sasa, kiasi.

Usiku wa nne wa ile dawa nililala saa nne nikaamshwa na adhana ya alfajiri. Sikujua niko wapi. Nilijipapasa mikono nikidhani nimekufa ganzi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, akaniambia alikuja mara tatu usiku kusikiliza kama napumua.

Sijapona. Figo hazirudi, naambiwa siku moja huenda nikahitaji kusafishwa damu. Bado nawashwa, hasa jioni, lakini ni kuwashwa ambako mtu anaweza kuishi nako, na silali tena sakafuni.

Ninachoomba kwa waganga na wauguzi wa zahanati zetu si mashine. Najua foleni ni ndefu na mhudumu ni mmoja. Ni maswali yale matatu, tangu lini, nani mwingine, unalala. Hayachukui dakika mbili. Jibu la "nani mwingine" peke yake lingeniokolea BBE mara mbili na mwaka mzima wa figo. Na mjamzito wa miezi ya mwisho anayewashwa viganja na nyayo bila vipele asiambiwe ni ngozi inatanuka. Yule tabibu aliniambia hiyo inaweza kuwa nyongo haipiti vizuri kwenye ini, na mtoto tumboni anaweza kuwa hatarini, aende hospitali siku hiyo hiyo. Wazee wenzangu ngozi zetu hukauka na kuwasha, hilo lipo, lakini anayesema "ni uzee" aseme baada ya kupima damu.

Nirudi kwa yule binti. Nilimuuliza mama yake maswali yale yale. Watoto watatu, mkeka mmoja, wote wanajikuna usiku, na mdogo ana vipele kwenye nyayo. Dawa alipewa mmoja. Huo ni upele, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limeuweka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, kwa hiyo mama asione ni uchafu wake. Mdudu wake huchimba chini ya ngozi na kutaga humo, haondoki kwa kusuguliwa sabuni, na huhamia kwa mtu kwa kugusana na kulala pamoja. Aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla hajaanza kuwashwa, ndiyo maana lazima nyumba nzima ijipake siku moja, hata asiyejikuna, na kurudia kama walivyoelekezwa. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku tatu au zaidi. Na baada ya dawa mtoto anaweza kuendelea kujikuna wiki mbili au hata nne bila kuwa na mdudu, asichapwe, asifukuzwe shule tena. Mama aliniomba nimwandikie. Nilimwandikia nyuma ya karatasi ya vipimo, na nimemwambia sare atailipia mwisho wa mwezi.

Kwa yule mzee wa Uvinza, kama anasoma gazeti hili au ana kijana anayemsomea: Mzee wangu, nilinunua kitambaa kingine, cheupe kama kile, nikakishona mwezi uliopita, mchana, mikono ikiwa mizima. Kipimo chako ninacho kwenye daftari. Darizi ni ile uliyoichagua, ya hariri. Mke wangu ameikagua mkono wa kushoto na wa kulia kwenye mwanga wa mlango. Imetundikwa hapa kibarazani, imefunikwa kwa nailoni, haina deni.

Fundi cherehani,
Ujiji, Kigoma